Mlimani Hatushuki

Khadakvadi,
14 Februari 1982

Mdogo wangu Dagadu,

Jai Bhim. Hapa nyumbani tu wazima. Mama ameketi ubavuni mwangu anamenya kitunguu saumu na kunitajia mambo ya kuandika, mengi kuliko karatasi niliyo nayo. Magoti yake bado yanakataa kupanda ngazi, lakini mdomo haujapata ugonjwa wowote: jana alimfukuza muuza bangili mpaka barabarani kwa sababu alimwita bibi kizee. Nyati wetu amezaa ndama jike. Mtama tumeshavuna, dengu bado iko shambani.

Redioni tumesikia kwamba viwanda vya nguo huko Bombay vimesimama, na nyinyi wafumaji mmegoma. Mama anataka kujua jambo moja tu: mnakula nini? Na Vimal na mimba yake, anakula nini? Mjibu yeye kwanza, mimi baadaye.

Sasa nikupe kisa cha juma hili. Vilas na wenzake wa chama cha vijana walipanda mlimani na ndoo za chokaa na makopo ya rangi ya buluu. Nia yao nzuri, sikatai. Sikukuu ya kuzaliwa Babasaheb, Bhim wetu aliyetuingiza katika dini ya Buddha, iko mwezi wa nne, watakuja wageni kutoka vijiji vya jirani, na pango letu, wanasema, linatutia aibu. Kuta zimeiva moshi, mavi ya popo kila mahali, plasta inabanduka, na Buddha mwenyewe wa jiwe hana pua. Kwa hiyo kuta wazipake chokaa, Buddha wampake buluu, mambo yang'ae.

Thakubai, mwasha taa wa pango, alikuja shuleni mbio, na umri wake ule, kuniambia. Niliwaacha watoto wa darasa la tatu wakiimba hesabu zao, nikapanda. Nikakuta nguzo ya kwanza imeshakuwa nyeupe. Nikakaa mlangoni.

"Mwalimu, tupishe," Vilas akasema.

"Sipishi."

"Tunamtengeneza Buddha wetu. Au unataka tumsujudie mtu mwenye ukurutu?"

"Bibi yako ana makunyanzi, Vilas. Naye utampaka chokaa?"

Wenzake wakacheka, yeye akanuna. Kisha akasema neno lililonichoma: "Sisi tulivaa matambara ya watu vizazi na vizazi, tukayavua. Na yeye tumwache na matambara?"

Nikachukua sinia la shaba la Thakubai, nikaliegemeza mlangoni, likatupa jua ndani mpaka ukuta wa kushoto. Unajua kinachotokea hapo. Wakajitokeza wale wanawake waliochorwa dirishani, wekundu kwa kijani, na lulu shingoni, kana kwamba mtu ameita majina yao. Yule wa mwisho, uliyekuwa ukimwita Shangazi kwa jinsi anavyokutazama kwa jicho la kushuku, bado yupo. Nikawaambia: "Hii ndiyo nguo yake. Aliyeichora alisaga mawe akapata rangi, akapaka juu ya udongo uliokandwa na makapi ya mpunga na mavi ya ng'ombe, kama mama zenu wanavyosiriba nyumba. Na waliotoa mali pango likachongwa hawakuwa wafalme. Maandishi yale ya mlangoni yanasema ni zawadi ya mke wa mtunza bustani. Mtu wa mikono, kama sisi. Mkiipaka chokaa leo, hakuna fundi duniani atakayeirudisha."

Walishuka. Ndoo ya mwisho Vilas aliimwaga njiani kwa hasira, na sasa haniamkii.

Kuna jingine dogo. Juzi walikuja watu wakapaka alama nyekundu kwenye miamba. Nilipowauliza wakasema wanapima njia ya maji. Mimi nimekaa na watoto darasani miaka mingi, mtu akisema uongo namjua kwa masikio yake.

Dada yako,
Anusaya

*

Parel, Bombay,
21 Machi 1982

Dada Anusaya,

Jai Bhim. Mshike mama miguu kwa niaba yangu na umwambie tunakula. Chumba ni kile kile, majirani ni wale wale, ila sasa wanaume wote tunashinda nyumbani, tunakaa kwenye veranda tukiwaambia wake zetu jinsi ya kuwasha jiko. Vimal anasema mgomo unaofuata wagome wanawake. Tumbo lake limekuwa kubwa. Mkubwa wetu amejifunza kuimba nyimbo za maandamano na sasa anadai chai kwa kunyoosha ngumi.

Hatujashindwa, dada. Wenye viwanda walidhani tutarudi kwa juma moja. Mtu asikudanganye kwamba tumechoka.

Mimi nimepata kibarua huko Thane, kazi ya stoo. Si kazi ya kuisimulia.

Kisa cha chokaa nimewasomea majirani, wamecheka mpaka machozi. Lakini sasa nikuambie kama mwanamume wa nyumba, hata kama utaguna: wewe una kazi ya serikali. Ndiyo inayomlisha mama. Walimu huhamishwa kwa sababu ndogo kuliko hizo. Pango limekaa miaka elfu mbili bila wewe, litakaa tena.

Zile alama nyekundu ziko upande gani hasa? Upande wa Shangazi, au kule kwenye malisho? Niandikie nijue.

Dagadu

*

Khadakvadi,
25 Aprili 1982

Mdogo wangu,

Jai Bhim, na salamu za mama, na za nyati pia, maana mama amesisitiza. Joto limeanza kutuua. Kisima kimeshuka, tunachota tope. Maembe ni machache na machungu. Mwanao anayenyoosha ngumi nimempenda, mwambie shangazi yake amemwandalia kikombe.

Umeniuliza alama ziko upande gani. Ziko pande zote mbili.

Si njia ya maji. Ni machimbo ya kokoto. Mtambo wa kuponda mawe umeshafika chini ya mlima, na siku tatu baada ya sikukuu walilipua mara ya kwanza. Nilikuwa ubaoni. Chaki iliniruka mkononi. Watoto walipiga kelele za furaha, wakadhani ni fataki za harusi.

Nilipofika pangoni vumbi lilikuwa bado linaning'inia. Dagadu, kidevu cha Shangazi kimeanguka. Kidevu, na mdomo, na mkono ulioshika dirisha. Vilikuwa chini, vipande vidogo kama maganda ya yai. Tulilala kifudifudi, mimi na Thakubai na wanawake wengine, tukavizoa kwa vidole mpaka kwenye ungo lililotandikwa pamba. Vilas alikuja akasimama mlangoni. Akavua viatu, akapiga magoti, akaanza kuzoa naye.

Kesho yake nilipanda basi kwenda kwa ofisa. Alinipa kiti, heshima ya mwalimu.

"Pango lenu halimo katika yanayolindwa," akasema. "Mlima ni wa serikali, na serikali imeukodisha."

"Pango lina miaka elfu mbili, bwana. Serikali hii ina miaka mingapi?"

"Mwalimu, kumbuka unazungumza na ofisa."

"Nakumbuka. Ndiyo maana nazungumza polepole."

Kiti hakikuwa changu tena baada ya hapo.

Basi tumeamua hivi. Baruti haiwezi kulipuliwa watu wakiwa ndani. Hata wao wana sheria hiyo. Kwa hiyo tunakaa ndani. Wanawake wanapokezana, wanapanda na mahindi yao ya kupukuchua, na watoto wao wachanga, na mikate ya mtama na pilipili ya kuponda. Jioni mtambo ukizimwa tunashuka. Mimi hupanda shule ikifungwa. Msimamizi wao, mtu mnene anayetembea na redio kwapani, alikuja kutupigia makelele tushuke. Thakubai akamjibu bila kuinua macho kwenye mahindi: "Lipua, mwanangu. Mimi nimezaa saba, mlio wako haunitishi."

Hatushuki. Nakuandikia ili usilisikie kwa watu.

Anusaya

*

Bombay,
9 Mei 1982

Dada,

Salamu kwa mama. Tu wazima.

Nimefikiri sana juu ya barua yako, na naomba unisikilize mara moja bila kunikatiza, kwa kuwa kwenye barua huwezi. Shukeni. Nchi inajengwa, barabara zinahitaji kokoto, na kokoto hutoka mlimani, si kwenye mawingu. Nimesikia kampuni iko tayari kuwajengea hekalu jipya pale karibu na shule: sakafu ya mawe laini, feni, na sanamu ya marumaru nyeupe, pua yake kamili. Vilas na wenzake watafurahi. Mama ataweza kufika bila kupanda.

Msikilize Ghule akija kuzungumza nanyi. Ni mtu wa makelele, lakini si mbaya.

Mkikataa, nasikia utahamishwa kupelekwa mbali. Mama atabaki na nani?

Dagadu

*

Khadakvadi,
16 Mei 1982

Dagadu,

Mama ni mzima.

Katika barua yangu niliandika "msimamizi wao". Jina lake sikulijua. Nimelijua leo, kutoka kwako, wewe uliye Bombay. Nimeuliza chini ya mlima: ndiyo, anaitwa Ghule.

Mama alizika wawili kabla yako, ndipo akakupa jina la Dagadu, jiwe, ili kifo kikudharau kikupite. Hakukupa jina hilo ukauze mlima.

Stoo gani hiyo ya Thane? Nijibu kwa neno moja, au usinijibu.

Anusaya

*

Khadakvadi,
20 Julai 1982

Kwa Dagadu Ovhal,

Mvua imefika tangu mwezi wa sita. Mpunga tumepanda, tope mpaka magotini. Mama alipata homa, imepoa. Sijui kama Vimal amejifungua. Hakuna aliyetuambia.

Mama huuliza kila siku kama tarishi amepita. Nimechoka kumwambia hapana, kwa hiyo namsomea barua zako. Ndiyo, zako ambazo hukuandika. Nashika karatasi ya shule nasoma. Umekuwa mwana mwema sana siku hizi, Dagadu. Unamuulizia magoti yake kila mara.

Barua ya uhamisho ilikuja kama "ulivyosikia". Wananipeleka kisiwani kwa watu wa pwani, nikafundishe kwa lugha nisiyoijua. Nimeandika kwamba siendi. Mshahara umesimama. Tunaishi kwa maziwa na shamba, na wanawake hawa hawaniachi: kila asubuhi kuna unga kizingitini na hakuna anayekiri kuuweka.

Mvua imewasimamisha wachimbaji. Kwetu imeleta adui mwingine. Maji yalianza kupenya darini, yakashuka juu ya picha kama jasho. Tulipanda juu ya pango kutafuta yanakoingilia, tukakuta mfereji uliochongwa mwambani na wale wale wa kale, wa kuyapeleka maji kando, umejaa udongo na mizizi. Tuliuzibua kwa majembe na kwa kucha, mvua ikitupiga mgongoni. Vilas aliteleza akaumia bega. Siku ya tatu ukuta ulianza kukauka. Nilishika ukuta ule kwa kiganja, nikalia, na sikulia kwa huzuni.

Mtaalamu kutoka Pune amekuja kuona vipande vya Shangazi kwenye ungo. Amesema tusivigandishe kwa gundi yoyote, tuviweke pakavu, iko siku vitarudi mahali pake. Ameandika gazetini. Amepiga picha.

Wewe hujaandika. Mimi nimeandika, ili usiseme ni mimi niliyenyamaza.

Anusaya

*

Bombay,
3 Oktoba 1982

Dada,

Vimal amejifungua msichana, mwezi wa saba, salama. Ana nywele nyingi na hasira nyingi. Watoto wengine wazima.

Neno moja ulilolitaka: baruti. Stoo ya Thane ni stoo ya baruti, mimi ndiye ninayeitunza na kuipakia kwenye malori, na mwenye stoo ndiye mwenye machimbo ya mlimani kwetu. Nilianza kazi kabla sijajua malori yanakwenda wapi. Nilipojua, niliendelea. Alipogundua natoka Khadakvadi akaniambia niwaandikie. Nikawaandikia.

Siombi radhi, dada, na usikae ukingoje. Wewe umekaa pangoni na njaa ya kuichagua. Mimi nina watoto watatu na mgomo ambao hakuna aliyenionya utakuwa mrefu hivi. Polisi walikuja chumba kwa chumba wakitutaka turudi kwenye mitambo, wenzangu wawili wa ghorofa ya chini wakarudi, wakatemewa mate. Mimi sikurudi. Sikuwauza wafumaji. Nilibeba masanduku. Ukitaka kuniita msaliti, chagua kwanza ni wa nani. Mawe hayali, dada. Shangazi wa ukutani hajawahi kulia njaa usiku.

Unamsomea mama barua zangu. Sawa. Katika inayofuata mwambie nimenenepa.

Nasikia mwaka huu tena kijiji kizima mnapanda lori kwenda Nagpur kwa sikukuu ya Dasara, kukumbuka siku tuliyobadili dini.

Msiende.

Dagadu

*

Khadakvadi,
4 Novemba 1982

Dagadu,

Mtoto wa kike! Mama ametoa kelele zilizomwamsha nyati. Mnampa maziwa ya kutosha? Vimal ale mafuta ya samli na mbegu za uwatu, asisikilize wanawake wa mjini.

Hatukwenda Nagpur.

Sikuwaambia watu kwa nini. Nilisema tu kwamba mwaka huu kiapo chetu tutakila hapa hapa, mbele ya Buddha wetu asiye na pua. Wengine walinung'unika, lori lilikuwa limeshakodiwa. Lakini Vilas alisema, "Mwalimu akisema tukae, tunakaa," na mimi nikamtazama nikakumbuka chokaa.

Basi asubuhi ya Dasara tuko mlimani, kijiji kizima, tumevaa nyeupe, na majani ya sikukuu tunayoyaita dhahabu mikononi. Malori yakaja. Ghule akashuka, akatuona, akasimama kama mtu aliyekosea nyumba. Alitarajia kukuta popo.

Akazima redio yake, akaja. "Leo hatugusi pango," akasema. "Tunafanya kazi huko juu tu. Nyinyi ombeni kwa raha zenu."

Huko juu ndiko juu ya dari, kijana wangu. Walikuwa wameshatoboa matundu siku zilizopita, tulipokuwa tunavuna. Ndipo nikaelewa neno lako "msiende" lilikuwa zito kiasi gani. Wangelipua, na sisi tungerudi Nagpur tukakuta kifusi, wakasema mlima umeanguka wenyewe.

Sasa sikia habari za mama yako. Nilimwacha nyumbani na magoti yake. Nasikia watu wanapiga kelele njiani, nageuka: vijana wanne wamembeba juu ya kitanda cha kamba, yeye ameketi katikati, amejitanda sari nyeupe, anawafokea wasimtikise. Hawakumleta pangoni. Aliwapeleka moja kwa moja juu.

"Niwekeni hapo," akasema. Wakaweka kitanda juu ya matundu yenyewe.

Ghule akapanda anahema. "Bibi, shuka! Hapa tunaweka baruti!"

"Nani kakulea wewe, unampigia kelele mama wa mtu?"

"Bibi, hii ni kazi. Ni mawe tu haya."

"Mimi nina mwana anaitwa Jiwe," mama akasema, na alisema kwa sauti ya chini mpaka watu wakasogea kumsikia. "Nilimpa jina hilo ili asitamaniwe na mtu. Nyinyi mnatamani mpaka mawe. Nenda kamwambie tajiri wako nimekaa, na nikikaa huwa sinyanyuki bila kusaidiwa, na hapa hakuna wa kunisaidia."

Watu walicheka, Dagadu. Ghule naye alikuwa mwekundu. Akawaamuru watu wake walipue upande wa mashariki, mbali kidogo, ili tutishike tukimbie. Wakafungua lori. Baruti ipo. Waya upo. Kisanduku cha fataki, vile vidude vinavyoiwasha baruti, hakipo. Wakatoa kila kitu wakakitandaza chini. Hakipo. Ghule akatukana mpaka maneno yakamwishia. Akatuma lori moja lirudi Thane.

Kabla halijarudi alifika yule mtaalamu wa Pune, niliyemwalika kwenye kiapo chetu, na watu wa gazeti, na nyuma yao ofisa wa wilaya mwenyewe na askari, maana asingeweza tena kusema hajui. Akapanda juu. Akaona matundu juu ya dari, na mama amelala usingizi juu yake, anakoroma. Kazi imesimamishwa hapo hapo.

Hatukuokoa kila kitu. Kile chumba cha upande wa mashariki, chenye vitanda viwili vya mawe walikolala watawa, wewe na mimi tulipojificha mvua tukiwa wadogo, hakipo tena. Walikilipua mwezi uliopita. Pamebaki shimo jeupe. Napita hapo nikiangalia upande mwingine.

Wakati tunamshusha mama aliniambia, "Zile barua za Dagadu ulizokuwa ukinisomea zilikuwa nzuri. Lakini yeye hana maneno matamu vile." Sijui anajua kiasi gani.

Nani alisahau kile kisanduku?

Anusaya

*

Bombay,
1 Desemba 1982

Dada,

Shika miguu ya mama.

Stoo ya Thane sina tena. Wamenitoa mlangoni kwa maneno ambayo sitayaandika kwenye karatasi atakayoishika mama. Walitaka kunipeleka polisi, wakaona wataulizwa baruti ilikuwa inakwenda wapi siku ya sikukuu.

Kuhusu kisanduku, usiniulize. Kama kuna mtu amekuuliza, nawe usimjibu.

Nimepata kazi ya kupakia vitunguu sokoni. Nanuka kama jikoni kwa mama.

Dagadu

*

Khadakvadi,
19 Januari 1983

Mdogo wangu Dagadu,

Jai Bhim. Baridi imekuwa kali, mama halali bila jiko la makaa chini ya kitanda, na kila mtu anaogopa atajiunguza isipokuwa yeye. Nyati ana mimba nyingine. Mimi bado sijarudishwa kazini. Nafundisha barazani kwetu, darasa la tatu lote limenifuata, mwalimu mpya anafundisha ukuta.

Pango sasa linalindwa. Siku waliyotuletea habari tulipiga ngoma. Siku waliyoleta kibao tuliacha kupiga. Kinasema hairuhusiwi kuwasha taa, kula, kukaa, wala kuabudu bila kibali. Na mlango wa nondo, na kufuli kubwa kama kichwa cha mbuzi.

"Kibali kinapatikana wapi?" Thakubai akauliza.

"Bombay," akajibu yule ofisa mpya.

Nilimshika Thakubai mkono kabla hajafanya jambo.

Juu ya taa nilikuwa upande wa ofisa, na Thakubai hajanisamehe. Ni moshi wa mafuta yetu wenyewe uliowafanya wale wanawake kuwa weusi. Sasa taa zinawashwa nje, barazani. Tumegombana juma zima, tumekubaliana. Lakini juu ya ufunguo nilimwambia: "Bwana, hatukukaa humu miezi yote ile ili tuombe ruhusa ya kuingia. Kila mwezi mpevu na kila sikukuu mlango uwe wazi, na ufunguo ulale kijijini. La sivyo tutakaa tena, na safari hii tuna uzoefu." Akamtazama mama kwenye kitanda chake. Akakubali.

Wanahitaji mlinzi wa kuajiriwa. Wameniambia nitoe jina la mtu. Nimetoa lako. Vilas aliruka: "Yule aliyekuwa anapakia baruti?" Nikamwambia, "Ndiye. Na aliyeleta chokaa ni nani?" Mlima huu umejaa watu waliotaka kuuharibu kwanza.

Si zawadi. Mshahara ni mdogo, popo ni wengi. Jibu upesi.

Anusaya

*

Bombay,
6 Februari 1983

Dada Anusaya,

Jai Bhim kwako na kwa mama, na kwa Thakubai, mwambie kuhusu taa niko upande wake.

Watu watakuambia mgomo umekufa. Usikubali. Viwanda vinauzwa, vyuma vyake vinabebwa kwa malori, lakini hakuna aliyetutoa machozi tukamwomba. Nitakufa nikisema tulikuwa na haki.

Nakuja. Si kwa sababu umenisamehe. Sikuomba, na bado siombi, na nikisikia mtu kijijini anasema Dagadu amerudi mkia katikati ya miguu nitampeleka kwenye kingo za mfereji ule tuzungumze vizuri. Nakuja kwa sababu kazi ni yangu. Najua jinsi mwamba unavyopasuka. Mtu akija tena na sururu na karatasi ya serikali, nitajua anataka nini kabla hajafungua mdomo.

Vimal ameshafunga vyombo. Msichana wetu mpaka leo hana jina, watu wa veranda wanamwita Wewe. Huku kwetu ni shangazi anayemtia mtoto jina sikioni, na shangazi yake alikuwa na shughuli. Tafuta jina. Liwe la mtu asiyepisha njia.

Tunafika na basi la Jumapili. Mwambie mama asilie mbele ya watu. Na kufuli lile lisiguswe mpaka nifike, nitalifungua mwenyewe.

Dagadu